Mguu Uponao Polepole



Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa darasa letu la sita aliumia mguu katika mchezo wa mpira. Kano ya nyuma ya kisigino ilivimba, ikapata moto, naye akawa anachechemea. Siku ya tano alitujia akicheka. "Mwalimu, nimepona. Tazama!" Akaruka mara tatu mbele yetu. Nasi, kwa kuwa shule ya jirani ilikuwa inakuja kucheza nasi, na kijana huyo ni hodari, tukampa ruhusa. Hakumaliza nusu ya kwanza. Alianguka peke yake, wala hakuna aliyemgusa. Mama yake alipokuja kumchukua hakututukana. Alituuliza neno moja tu: "Mwalimu, mbona hamkungoja?"

Swali lile halikututoka moyoni. Tukaanza kutafuta vitabuni habari za kano na uponaji wake, tukaona ya kuwa watu waliolijua jambo hili tangu zamani ni wale wenye kutunza farasi wa mashindano. Basi leo twataka kuwasimulieni habari za mguu wa farasi.

Labda mtasema: "Farasi yatuhusu nini?" Ni kweli, kwetu Kongo farasi ni mnyama mgeni. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mbung'o humtia ugonjwa na kumwua, na kwa hiyo wengi wetu tumemwona katika picha tu. Lakini mguu wake una mafundisho yamfaayo kila mtu mwenye mguu.

Farasi mzima ana uzito wa kilo 500 hivi. Chini ya goti la mguu wake wa mbele hamna nyama yo yote: ni mfupa, kano na ngozi tu. Nguvu zote za nyama zilizo juu hushuka hata ukwatoni kwa njia ya kano. Watu wengi huiita kano mshipa, lakini si mshipa wa damu. Ni kamba ngumu iliyosokotwa kwa nyuzi nyembamba zisizohesabika. Katika lugha kadhaa za Ulaya jina lake lahusiana na neno la Kilatini tendere, maana yake kunyoosha. Na hiyo ndiyo kazi yake. Farasi aendapo shoti, iko nukta ambapo mwili mzima huegemea mguu mmoja. Hapo kano ya nyuma hunyooka zaidi ya sehemu 10 katika 100, kisha hurudi kama mpira na kumrusha mbele. Na kwa kunyooka na kurudi hivyo, ndani yake hupata moto hata digrii 45. Kamba ifanyayo kazi karibu na mwisho wa nguvu zake haina budi siku moja kukatika nyuzi, hasa mnyama akiwa amechoka au ardhi ikiwa na mashimo.

Kwa sababu hiyo saisi mwema hupapasa miguu ya farasi kila asubuhi kabla ya kumtoa bandani. Kiganja chake chatafuta mambo matatu: moto, uvimbe na maumivu. Akiona hata moja, farasi hatoki. Hamtembezi "kujaribu tu". Amwita mganga wa wanyama, na huku aanza kazi yake mwenyewe. Hutiririsha maji baridi juu ya mguu kwa muda wa dakika 20, mara kadhaa kwa siku. Akiisha kuukausha, huuzungushia pamba nene, na juu yake bandeji iliyokazwa sawasawa, isiyolegea wala isiyobana, kwa maana bandeji yenye kubana mahali pamoja huongeza jeraha. Mguu wa pili nao huufunga, kwa kuwa sasa wabeba mzigo wa miwili. Nafaka humpunguzia, humpa majani makavu, maana mnyama ashibaye nafaka bila kazi hujaa nguvu na kurukaruka bandani.

Hadi hapo kila mtu hufanya kwa bidii, kwa kuwa ugonjwa waonekana. Hatari yaja baadaye. Baada ya juma moja au mawili moto hutoka, uvimbe hupungua, farasi hatembei tena kwa kuchechemea. Aweka mguu chini vizuri, apiga kelele ya kutaka kutoka. Mwenye mali asema: "Amepona." Kumbe ndani jeraha ndiyo kwanza linaanza kujengwa! Siku hizi waganga wa wanyama wana chombo cha mawimbi ya sauti kiwawezeshacho kuiona kano bila kupasua ngozi. Palipokatika nyuzi huonekana kama tundu jeusi katikati ya kamba. Na tundu hilo liko wazi bado wakati mnyama akiisha kusahau maumivu.

Mwili hulijaza tundu hilo kwa nyuzi mpya. Lakini nyuzi hizo hutupwa ovyo ovyo, kama majani ya paa yaliyorundikwa uani kabla ya kuezekwa. Hazina nguvu mpaka zipangwe kwa kufuata njia ya uzito, na kipangacho si dawa, ni mwendo. Farasi asipotembea kabisa, nyuzi hubaki vurugu. Akikimbia mapema, zakatika tena. Basi saisi hushika kamba na kumwongoza kwa mkono, hatua kwa hatua, mahali palipo sawa na pagumu: dakika 10 mwanzoni, na kila juma dakika chache zaidi. Mwezi wa tatu au wa nne, mganga akiisha kutazama ndani, humruhusu kukimbia polepole kwa dakika moja au mbili. Hamwachilii malishoni peke yake, kwa maana mruko mmoja wa furaha waweza kuharibu kazi ya miezi sita. Kabla ya kurudi kwenye shoti, kwa kawaida hupita miezi 9 hata 12, pengine zaidi. Hata hivyo kano mpya haivutiki vizuri kama ile ya kwanza, na farasi wengi huumia tena palepale.

Zamani watu walitaka kuikata njia hii iwe fupi. Kwa miaka mingi waliichoma ngozi ya mguu kwa chuma cha moto, wakiamini ya kwamba moto wa nje huponya jeraha la ndani. Mwaka 1983 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walieleza matokeo ya uchunguzi wao mrefu: kuchoma hakukuharakisha uponaji. Farasi wengi waliochomwa walipona, lakini walipona kwa sababu kidonda cha moto kiliwalazimisha wenyewe kuwapumzisha. Sasa kuna dawa nyingine. Waganga fulani hutia chembe zilizotolewa katika uboho wa mnyama mwenyewe ndani ya jeraha. Lakini hata wao, wakiisha kutia, humrudishia saisi kamba mkononi na kumwambia: "Tembeza polepole."

Yuko farasi mmoja ambaye habari zake zilienea mbali. Jina lake Aldaniti, alizaliwa Uingereza mwaka 1970. Aliumia miguu zaidi ya mara moja. Mwaka 1979 alishika nafasi ya tatu katika shindano kubwa la Cheltenham, na mwezi wa Novemba wa mwaka ule ule mguu ukamshinda tena huko Sandown. Wengi walidhani mbio zake zimekwisha. Wakati ule mpanda farasi wake, Bob Champion, alikuwa mgonjwa mwenyewe: alikuwa amepatikana na saratani, naye alikuwa akitibiwa kwa dawa kali zilizommaliza nguvu. Farasi alirudishwa kwa wenyewe, akatunzwa bandani miezi mingi, kisha akatembezwa polepole. Mpanda farasi naye alijifunza upya kazi yake. Mwezi wa Februari 1981 Aldaniti alirudi mashindanoni, akashinda. Tarehe 4 Aprili 1981 wote wawili waliingia shindano la Grand National huko Aintree, lililokuwa wakati ule na njia ya kilomita 7 na zaidi na vizuizi 30 vya kuruka. Kwenye kizuizi cha kwanza Aldaniti nusura aanguke. Alisimama, akaendelea, akawa wa kwanza. Mwaka 1983 Champion alianzisha mfuko wa kusaidia uchunguzi wa saratani. Aldaniti alikufa mwaka 1997.

Dunia ilimpigia makofi mpanda farasi, na alistahili. Sisi twawafikiria pia wale waliokuwa bandani miezi ile, wakifunga na kufungua bandeji, wakiongoza kwa kamba mnyama ambaye watu walisema hafai tena. Kazi yao haina shangwe. Leo dakika 10, juma lijalo dakika 15. Hakuna mtu aendaye kutazama mambo kama hayo. Lakini bila wao siku ile ya Aprili isingalikuwapo.

Akina baba na akina mama, nyumbani mwenu mko na saisi wa namna hii: yule amwongozaye mgonjwa hata mlangoni na kumrudisha, akatazaye mzigo usibebwe mapema, naye huonekana mkali kwa sababu hiyo. Msimwite mwoga. Nanyi wanafunzi, jueni ya kuwa kukoma kwa maumivu si kupona. Mguu uliovimba upelekeni zahanatini, tena mumsikilize mwuguzi hata akisema neno msilolipenda. Nasi walimu tujifunze kungoja, hata kama shule ya jirani inakuja kucheza.

Kijana wetu yuko nyumbani kwao. Mwuguzi amemruhusu kutembea jioni kutoka mlangoni hadi mwembe na kurudi, dada yake mdogo akihesabu hatua kwa sauti. Majuma mawili yaliyopita alifika mwembeni mara nne. Ametuuliza mara mbili kama ataweza kucheza mwezi ujao. Mara zote mbili tumemkatalia, na mara ya pili mama yake alikuwa amesimama mlangoni, akasikia.