Galaksi ya Mbali na Imani Isiyoogopa Ukweli

Mwezi Novemba 2023, jopo la wanasayansi lililoongozwa na Luca Costantin, mtafiti wa mjini Madrid, lilitangaza ugunduzi wa galaksi iliyopewa jina ceers-2112. Galaksi ni kusanyiko la mabilioni ya nyota. Hii ina mhimili wa nyota ulionyooka katikati yake, kama galaksi yetu wenyewe, Njia Nyeupe. Nuru yake, iliyonaswa na darubini ya angani ya James Webb, imesafiri takriban miaka bilioni 11.7. Kwa hiyo tunaiona ilivyokuwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka bilioni 2.1 tu.

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Wataalamu wengi waliamini kwamba galaksi za nyakati hizo zilikuwa na vurugu nyingi mno kiasi cha kutoweza kujipanga hivyo. Sasa wanalazimika kurekebisha hesabu zao.

Wapo watakaosema, “Mnaona? Sayansi haiaminiki.” Wengine watadai kwamba darubini imemwondoa Mungu mbinguni. Kanisa halifuati njia yoyote kati ya hizo. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulifundisha kwamba imani na akili haziwezi kupingana kwa kweli, maana chanzo chake ni Mungu yuleyule. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, alikuwa mwanasayansi hodari bila kuupunguza upadre wake. Wala hakutaka nadharia yake itumiwe kama uthibitisho wa imani.

Jambo hili linatuhusu hata sisi wa Chiungutwa. Kijana anayeambiwa achague kati ya somo la fizikia na katekisimu anaweza kuipoteza imani, au elimu, au vyote viwili. Wazazi na makatekista, tusimtwishe mzigo ambao Kanisa halikumtwisha.

Tumwoneshe anga badala yake. Alfajiri za Septemba na Oktoba, msimu wa korosho unapokaribia, mwezi usipokuwepo, atazame kusini: ataona kama kipande cha wingu kisichosogezwa na upepo. Ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yenye mhimili pia, na nuru yake imesafiri miaka 160,000 hivi. Aulize maswali yote. Muumba haogopi kuchunguzwa kwa kazi ya mikono yake.