Kabla ya "Nyumba ya Kongo" kule Barcelona, tujenge kwanza gishe ya mwanainchi

Wandugu vijana wa Goma, wa Rutshuru, wa Bukavu, wa Kinshasa, na nyinyi wenye vita ilitupa mpaka Kampala, Nairobi na Bujumbura,

Mwisho wa mwezi wa saba 2025, serkali yetu na FC Barcelona walitangaza kontra ya miaka ine. Magazeti ya kule yalisema bei yake inapita milioni 40 za euro. Ju ya hiyo feza, mu mugongo wa mayo za mazoezi za Barça kunaandikwa "R.D. Congo – Cœur d'Afrique". Mbele yake kulikuwa AS Monaco na AC Milan. Watu walibishana sana juu ya mayo. Lakini mu ile kontra ya Barcelona kuko kipande ingine chenye wengi walipita bila kuangalia: "Nyumba ya RDC" ndani ya kiwanja cha Camp Nou, fasi ya kuonyesha wageni utamaduni na michezo yetu.

Sisi tunataka tusimame hapo. Nyumba yenye inabeba jina ya inchi, inawekwa mu inchi ya wengine na feza ya wanainchi, kusudi mugeni akiingia aseme "kumbe Kongo njo hii": iyo kwetu ni ambasade, hata kama haina balozi ndani. Basi tuko na haki ya kuuliza maulizo yenye mutu anauliza juu ya ambasade. Nani aliichora? Nani anaijenga? Itaonyesha nini? Na itatumikia nani?

Tuseme wazi, hatukatae nyumba nzuri. Kuna wenye wanasema inchi masikini haiko na haki ya kujenga kitu cha kupendeza inje. Hatuko pamoja nao. Angalieni Berlin. Mu mwaka 1999, inchi tano za kaskazini, Denmaki, Finlandi, Aisilandi, Norwe na Uswidi, zilijenga ambasade zao ndani ya lupango moja, zikazizungusha ukuta moja wa shaba. Kila moja iko na nyumba yake, lakini kuko nyumba ingine ya wote yenye raia yeyote anaingia kuangalia maonyesho na kusikiliza muziki. Norwe ilisimamisha pale jiwe moja nzima la granite, urefu wa metre 15. Inchi tajiri, na bado walikubali kugawana lupango. Mu 2003, mu muji ileile, Afrika ya Kusini ilifungua ambasade mupya, yenye ilichorwa na waarkitekti wake wenyewe, MMA Architects. Ilikuwa inchi imetoka mu apartheid hata miaka kumi haijafika. Walitaka nyumba iseme: sisi si wale wa zamani. Nyumba inaweza kusema vile. Lakini inasema kweli tu kama kule nyumbani mambo ilibadilika kweli.

Sasa, vitrini yetu inaonyesha nini?

Mwanzo wa 2025, wakati Goma ilikuwa inaanguka, waziri wetu wa mambo ya inje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliandikia Arsenal, Bayern München na Paris Saint-Germain. Aliwaomba waachane na "Visit Rwanda", sababu ile feza iko na damu ndani. Tulimuunga mukono. Alisema chenye wengi wetu tulikuwa tunasema miaka mingi: mupira haupaswe kufua nguo za vita. Kisha miezi kidogo tu ikapita, na serkali ileile ikaingia mu soko ileile, ikanunua mugongo wa wachezaji wengine. Tunauliza bila chuki: kama mayo ya jirani ilikuwa ya kuficha, ya kwetu inafanya kazi gani?

Watatujibu: ni utalii, ni sura ya inchi, inapaswa kushindana. Sawa, tuseme ni utalii. Mutalii wa Barcelona akiona "Cœur d'Afrique", akafungua telefone, ataona picha ya nini? Ataona gorila wa mulima. Na gorila wa mulima wa Kongo anakaa wapi? Anakaa Virunga, mu secta ya Mikeno, hapa kwetu. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa tangu mwezi wa kwanza 2025. Banki zilifungwa. Barabara iko mikononi mwa M23. Gavana wa serkali anafanyia kazi Beni. Mutu anayeweka vitrini ya muzuri mbele ya duka yenye anajua mulango wake umefungwa, mu soko ya Virunga pale Goma tunamuita jina yake, na haiko jina ya heshima.

Tuongee sasa juu ya Rumangabo, sababu kila siku inaonyeshwa na hakuna anayeiuliza.

Rumangabo iko kama kilomita 50 kutoka Goma, ku njia ya Rutshuru. Pale njo makao makuu ya parke ya Virunga, parke ya kwanza mu Afrika, yenye ilianza 1925 na iko ku orodha ya UNESCO tangu 1979, na tangu 1994 ku orodha ya vitu vya dunia vyenye viko mu hatari. Pale njo kuko Senkwekwe, nyumba ya kulea gorila yatima. Pale njo Ndakasi, gorila mwenye selfie yake ilizunguka dunia nzima, alikufa mu 2021 mikononi mwa mulezi wake, André Bauma. Nyumba za kupokelea wageni za Mikeno zilijengwa na mawe ya volkano. Mugeni alikuwa anafika, anaona jiwe la Nyiragongo, mubao, musitu, na mulinzi mwenye anamusalimia kwa Kiswahili. Hakuna ambasade yetu yenye ilifanya kazi kupita ile.

Na bei yake tunaijua. Zaidi ya walinzi 200 walikufa tangu parke ianze. Tarehe 24 mwezi wa ine 2020, karibu na Rumangabo, watu 17 waliuawa siku moja: walinzi 12, dereva wao mmoja, na raia ine wa pale. Pembeni ya parke kuko kambi ya jeshi. M23 iliikamata mu mwezi wa kumi 2022. Mwezi wa kwanza 2023 walisema wameirudisha kwa jeshi la Afrika Mashariki, mbele ya makamera. Leo ni kambi yao ya kufundishia wapiganaji. Wanainchi wa Rumangabo walikimbia na magodoro ku kichwa mpaka Kanyaruchinya, na mu mwezi wa pili 2025 waasi walewale wakawaambia watoke mu makambi warudi. Wote wawili, muasi mwenye anakaa juu ya hiyo udongo na serkali yenye inauza picha yake mbali, hakuna hata mmoja mwenye aliuliza watu wa Rumangabo.

Kuko kitu ingine barabara ile ilitufundisha juu ya ambasade. Tarehe 22 mwezi wa pili 2021, balozi wa Italia, Luca Attanasio, alitoka Goma kuelekea Rutshuru. Alikuwa anaenda kuangalia namna watoto wanakulishwa mu masomo na PAM. Pale karibu na Kibumba waliwashambulia. Walikufa yeye, mulinzi wake Vittorio Iacovacci, na dereva Mustapha Milambo, Mukongomani mwenzetu. Balozi ule angeweza kubakia Kinshasa, mu nyumba yake ya muzuri, asome raporo. Alipanda gari akaenda kujionea sahani ya mutoto. Sisi tunamukumbuka Attanasio, na Milambo pia, mwenye jina yake inasahauliwa haraka sana. Hatukumbuke rangi ya ukuta wa ambasade ya Italia.

Kazi ya ambasade njo ile: mutu wa inchi kuwa karibu na mutu. Ya kwetu iko karibu na nani?

Mu Uganda peke yake kuko zaidi ya nusu milioni ya wakimbizi Wakongomani. Wao wanaangaliwa na HCR. Lakini pembeni yao kuko wachuuzi, wanafunzi, wagonjwa wenye wanatafuta daktari, wamama wenye walizaa inje na mutoto hana karatasi. Mutu wa Goma mwenye anatafuta pasipoti ya serkali leo anapaswa kutoka mu muji, aende Beni ao avuke mupaka. Akifika ku gishe ya inchi yake, anauliza bei, anapewa bei ya mudomo. Anauliza siku, anaambiwa "utarudi". Vijana wenzetu wametuandikia hiyo habari kutoka miji mbalimbali. Hatutaje ambasade moja, sababu ugonjwa hauko wa nyumba moja. Na wadiplomate wenyewe, mara ngapi tumewasikia wakilia mishahara ya miezi na miezi? Mutu mwenye halipwe, mwenye nyumba ya kupanga inamudai, utamuambia awe sura ya Kongo?

Juu ya pasipoti tusisahau haraka. Mu 2017, shirika la habari Reuters lilionyesha kama pasipoti yetu ilikuwa inauzwa dola 185, na serkali ilikuwa inapata dola 65 tu. Ingine ilikuwa inaenda kwa makampuni. Pasipoti pia ni vitrini: ni nyumba ndogo ya inchi yenye mutu anabeba mu mufuko. Ile ndogo iliwashinda kusimamia kwa uwazi. Njo maana tunauliza juu ya ile kubwa.

Kuko wenye watasema: "Nyinyi vijana munapenda kulalamika, musiposhindana mu dunia hakuna mwenye atawajua." Tunawajibu: dunia inatujua. Tarehe 28 mwezi wa kwanza 2025, mu Kinshasa, vijana wenye hasira walienda ku ambasade za Rwanda, Ufaransa, Ubeligiji, Uganda, Kenya na Marekani, wakachoma na kuvunja. Hatukubali kuchoma, na tunalisema bila kuzunguka. Lakini walienda pale sababu walijua kama nyumba ya inchi inabeba deni ya inchi. Na ya kwetu, mu miji ya watu, inabeba deni kwetu sisi wa kwanza.

Kwa hiyo tunaomba hivi:

1. Kontra za Barcelona, Milan na Monaco zitolewe wazi, ukurasa kwa ukurasa: bei, siku za kulipa, na sanduku gani la serkali lilitoka feza.

2. "Nyumba ya RDC", na kila ambasade mupya yenye itajengwa, ifuate sheria ya masoko ya serkali ya tarehe 27 mwezi wa ine 2010. Waarkitekti Wakongomani washindane mbele ya watu wote. Kama wanatafuta mawe, Nyiragongo ilitutupia ya kutosha, 1977, 2002 na 2021, na wamasoni wa Goma wanajua kuyakata. Walijenga muji mara ngapi juu ya volkano? Hawatashindwa na ukuta wa ambasade.

3. Feza ya kwanza iende Kampala, Nairobi, Bujumbura, fasi Wakongomani wanasimama mu mustari. Gishe iwe na kivuli, viti na choo. Bei iandikwe ku mulango, risiti itolewe, siku ya jibu itajwe. Na wafanyakazi wa pale walipwe.

4. Kila fasi wanaonyesha gorila wa Virunga, waandike pia majina ya walinzi wenye walikufa. Na sehemu ya feza ya matangazo irudi kwa wajane na yatima wao, na kwa vijiji vya kandokando ya parke.

5. Wadeputé wa Kivu ya Kaskazini wamuite waziri wa michezo na waziri wa mambo ya inje, waulize hayo maulizo mbele ya kamera.

Na wewe kijana mwenye uko inje, kuko kazi ya kufanya tangu kesho. Ukienda ku ambasade yetu, omba bei ya kuandikwa. Omba risiti. Andika siku uliyofika na siku walikujibu, ututumie, bila kutaja jina ya mufanyakazi mudogo mwenye naye anateseka. Tutakusanya, tutaweka pamoja, tutapeleka kwa wadeputé. Usipige mutu, usivunje mulango. Uliza tu, na usichoke.

Inchi yenye inataka kuonekana ianze kuona watu wake. Siku mulango wa Rumangabo utafunguka, barabara iwe huru, mwanainchi apite bila kulipa bariere ya muasi wala ya mwanajeshi, hatutahitaji kununua mugongo wa mutu. Wageni watakuja wenyewe, na sisi njo tutawapokea.

Vijana wanainchi, Goma – Rutshuru – Rumangabo