Maafa ya Visiwani na Wajibu wa Serikali

Tufani husemwa mara nyingi kuwa ni kudra, na kwamba serikali haina la kufanya ila kugawa mahema na unga baada ya maafa kupita. Fikra hiyo ni potofu. Upepo ni wa maumbile, lakini mahali ijengwapo nyumba, na jinsi inavyoezekwa, ni mambo yaliyo mikononi mwa watu.

Visiwa vya Fiji, katika bahari ya Pasifiki, vyatoa ushahidi. Mwezi wa Februari, 2016, tufani iitwayo Winston iliua huko watu 44 na kuharibu maelfu ya nyumba. Pamoja na tufani yuko adui mwingine, aendaye polepole: bahari inapanda kwa kuwa maji yakipata joto hutanuka, na barafu iliyoko nchi kavu inayeyuka.

Adui huyo ndiye aliyekihamisha kijiji cha Vunidogoloa, kisiwani Vanua Levu. Kuta za kuzuia maji zilishindwa. Mwaka 2006 wanakijiji waliiomba serikali iwasaidie kuhama. Mwaka 2014 wakahamia kilimani, kiasi cha kilometa mbili kutoka pwani, katika ardhi yao wenyewe, nao wakachangia mbao za kujengea. Hapana aliyeswagwa, na hilo lastahili sifa. Hata hivyo, nyumba mpya zilikabidhiwa bila vyumba vya kupikia.

Kasoro hiyo si ndogo. Mpango unaopima mteremko na kuhesabu saruji, kisha ukasahau mahali pa kupikia, haujawasikiliza vya kutosha akina mama. Tena, miaka minane ni mingi kwa watu ambao maji yamekwisha kufika mlangoni.

Mwaka 2018 serikali ya Fiji ilitoa mwongozo wa kuhamisha vijiji, unaotaka ridhaa ya wenyeji na kuhesabu kuhama kuwa hatua ya mwisho. Mwaka 2019 ikaanzisha mfuko wa fedha za kazi hiyo. Utaratibu huo wafaa kuigwa: kanuni na fedha vitangulie maafa.

Jambo hili laihusu Afrika Mashariki pia. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, na mwezi wa Mei, 2024, tufani Hidaya ilifika Mafia. Hapana budi, basi, wataalamu wa mipango wakae na wenyeji wa visiwa hivyo wakati huu bahari ikiwa shwari, na fungu la kazi hiyo litengwe katika bajeti ya kila mwaka.