Hesabu ya mama: madeni matatu, mfuko mmoja

Wiki hii tuchukue kaye na biki. Wengi wetu hatuna deni moja. Tuna matatu au mane, na kila jioni tunajiuliza: nilipe nani kwanza?

Tuseme mama mmoja anadaiwa hivi:

– butiki: dola 20, bila riba;
– AVEC: dola 30, riba 5 kwa 100 kila mwezi;
– banki lambert: dola 50, riba 30 kwa 100 kila mwezi.

Kila mwisho wa mwezi anaweza kutoa dola 30, si zaidi. Riba asiyolipa inaongezwa juu ya deni.

Njia ya kwanza: kuanza na deni dogo. Analipa butiki, kisha AVEC, mwisho lambert. Mwezi wa pili amefunga madeni mawili, moyo unatulia. Lakini deni la lambert limepanda hadi dola 77. Atamaliza mwezi wa 8, akiwa ametoa karibu dola 229.

Njia ya pili: kuanza na riba kubwa. Dola zote 30 zinaenda kwa lambert, kisha AVEC, mwisho butiki. Anamaliza mwezi wa 5, ametoa karibu dola 136. Tofauti ni dola 93, na hakuuza hata fungu moja la lengalenga zaidi.

Kama riba zote zinakaribiana, anza na dogo. Kufunga deni moja kunatia nguvu. Kama moja inapita nyingine mbali, anza na hiyo.

Lakini njia ya pili inataka ukweli. Butiki na AVEC watangoja, kwa hiyo usijifiche wala usikose kikao. Simama mbele ya wenzako, omba muda, taja tarehe. Pesa ya AVEC ni jasho la wamama wengine. Usipolipa, siku ya kugawana wote wanaumia.

Kuna njia ya tatu: kuomba AVEC mkopo wa kuzima lambert. Kwa dola 50, lambert anataka riba ya dola 15 kwa mwezi. AVEC hii, dola 2 na nusu. Inafaa kama kundi linakubali na kama hurudi tena kwa lambert. Ukirudi, utakuwa na madeni mawili mahali pa moja.

Jambo moja linapita hesabu zote: rehani. Kama umeacha karatasi za parsele kwa mtu, deni hilo liwe la kwanza, hata kama riba yake ni ndogo. Watoto wanalala ndani ya nyumba hiyo.

Leo jioni andika mistari mitano kwa kila deni: nani, kiasi gani, riba gani, tarehe gani, rehani gani. Mwonyeshe baba wa nyumba au mama unayemwamini. Kisha chagua deni moja, uanze.