Mkopo wa kwanza wa biashara: tuhesabu kwanza, tutie sahihi nyuma



Juma lililopita, mkutano ulipokwisha, mama mmoja kijana alitufuata mlangoni. Akasema: "Mama mwalimu, kaka yangu anaishi Marekani. Anasema kule mtu akifungua kampuni ndogo, upesi anatafuta kadi ya mkopo ya kampuni. Sisi tulioanza biashara mwaka huu, tuchukue kadi gani?"

Ulizo lake ni zuri, na tulimwahidi kulijibu hapa ili wote tufaidike.

Kadi ambayo kaka yake anasema inafanya kazi hivi. Benki inaipa kampuni kipimo, tuseme dolari 1,000. Kampuni inanunua vitu kwa kadi, benki inalipa, na mwisho wa mwezi benki inatuma hesabu. Kampuni ikilipa yote kabla ya tarehe iliyoandikwa, kwa kawaida hailipi riba juu ya vitu ilivyonunua. Ikilipa kidogo tu, riba inaanza kutembea juu ya deni linalobaki, na riba ya kadi ni kubwa. Mara nyingi mwenye kampuni anatia sahihi yeye mwenyewe pia, hivi kampuni ikianguka, deni linamfuata mpaka nyumbani.

Kwetu hapa, kadi nyingi tunazoziona mikononi mwa watu si za mkopo. Ni kadi unayotia feza kwanza ndipo utumie, ao kadi inayochota feza zako mwenyewe katika konti. Zinasaidia mtu asitembee na feza nyingi, lakini hazikopeshi. Na muuza vitambaa wa soko la Kadutu anataka feza mkononi ao kwa simu.

Kwa hiyo tugeuze ulizo kidogo: biashara changa ikikosa feza, ichague mkopo gani? Juu ya hilo sisi tuna la kusema, kwa sababu mwaka jana tulichagua vibaya.

Mambo yaliyotupata

Sisi ni wamama sita wanaoshona iniforme za wanafunzi, bluu na nyeupe. Mwaka jana tulipata kazi ya iniforme 100. Kitambaa, uzi na vifungo vilitaka dolari 5 kwa iniforme moja, jumla dolari 500. Tuliuza kila moja dolari 9, jumla 900. Tulipoandika hesabu hiyo katika daftari tulifurahi sana: faida ya dolari 400!

Lakini katikati ya mwezi wa nane hatukuwa na zile 500. Tulienda kwa Banque Lambert. Wote mnajua kwamba hiyo si benki. Ni mtu wa mtaa anayekopesha bila karatasi nyingi. Alitaka asilimia 20 kwa mwezi, ndiyo kusema dolari 100 kila mwezi, na zile 500 zinabaki palepale mpaka siku ya kuzirudisha zote. Tulisema, ni mwezi mmoja tu, masomo yakifunguliwa tutalipa.

Masomo yalifunguliwa. Lakini shule moja iliyochukua iniforme 60 iliahidi kulipa mwisho wa mwezi wa tisa, kisha ikalipa katikati ya mwezi wa kumi na moja. Tulilipa riba mara tatu: dolari 300. Tulipotoa makala ya pasi na usafiri, zilibaki dolari 42. Ndiyo kusema dolari 7 kwa kila mama, kwa majuma sita ya kushona mpaka usiku.

Hakuna aliyetuiba. Riba tuliambiwa siku ya kwanza. Kosa letu ni kwamba tuliuliza "Tutapata feza leo?" na hatukuuliza "Feza za kulipa zitaingia siku gani?"

Maulizo matano kabla ya kutia sahihi

Mwaka huu tulikaa chini tangu mwezi wa tatu. Tuliandika maulizo matano ubaoni kama tunavyofanya na wanafunzi, na kila mkopo tuliupitisha hapo.

*La kwanza: feza zetu zinaingia lini, na mkopo unataka kulipwa lini?* Mama anayeuza sambaza anapata feza kila siku. Anaweza kulipa kila juma. Sisi tunanunua kitambaa mwezi wa saba, tunapata feza mwezi wa tisa. Mkopo unaotaka malipo ya kwanza mwezi wa nane unatufunga shingo, hata kama riba yake ni ndogo. Tukikopa katika koperative, tuombe miezi ya kungoja kabla ya malipo ya kwanza, na iandikwe katika karatasi.

*La pili: jumla tutalipa ngapi?* Asilimia peke yake inadanganya. Tuchukue mfano: dolari 500, riba asilimia 3 kwa mwezi, miezi sita. Kama riba inahesabiwa kila mwezi juu ya 500 zote, mnalipa 15 mara sita, dolari 90. Kama inahesabiwa juu ya deni linalobaki, nanyi mnapunguza deni kila mwezi kwa kipimo kilekile, riba yote ni dolari 52 na nusu. Asilimia ni ile ile 3, lakini mfukoni si sawasawa. Mwulize mtumishi: "Riba ni juu ya mkopo wote ao juu ya deni linalobaki?" Aandike jumla kwa dolari, kwa mkono wake.

*La tatu: tutapokea ngapi kweli mkononi?* Pahali pengine wanakata feza za dosie, na tena wanafunga sehemu ya mkopo kama akiba. Wakikata 10 na kufunga 100, mtatoka na 390, lakini riba mnailipa juu ya 500. Ile 100 itarudi mkimaliza kulipa, ndiyo. Lakini kitambaa mnakitaka leo.

*La ine: deni ni la dolari ao la franga?* Wengi wetu tunauza kwa franga na kukopa kwa dolari. Kama siku ya kukopa dolari moja ni franga 2,000, deni la dolari 500 ni franga milioni 1. Dolari ikipanda mpaka 2,200, deni lile lile ni franga milioni 1 na elfu 100, hata kabla ya riba. Basi tukope kwa feza ile tunayouzia, ao tuandike bei ya iniforme kwa dolari tangu siku ya kwanza.

*La tano: tukishindwa, watachukua kitu gani, na cha nani?* Hapa tukae kidogo.

Karatasi ya parsele

Mwezi wa ine, pahali pamoja tulipoomba mkopo walitaka karatasi ya parsele. Mmoja wetu akasema yeye anayo, ataileta. Tulimwuliza: "Baba watoto anajua?" Alinyamaza. Kisha akasema: "Atajua tukisha kulipa."

Tulikataa, na siku ile hatukuachana vizuri. Aliona kama tunamzuia kuendelea mbele. Lakini parsele ile ndipo watoto wake watano wanalala. Biashara ni ya wamama sita. Kwa nini hatari yote iangukie nyumba moja?

Wengine wenu mtasema kwamba siku hizi mwanamke hana lazima ya ruhusa ya bwana. Ni kweli: sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016, iliyogeuza Kitabu cha Sheria za Jamaa, iliondoa ile ruhusa ambayo mke alipaswa kupewa na bwana.  Lakini sheria hiyo inataka pia mke na bwana wapatane juu ya matendo ya kisheria yanayowafunga. Jambo hilo linamhusu bwana sawasawa na mke: naye asiweke parsele rehani kwa siri. Kwa hiyo tuzungumze nyumbani mbele ya kwenda ofisini. Mazungumzo ya jioni moja yanaweza kuwa magumu, lakini ni mepesi kuliko siku ile watu wanakuja kupima nyumba yako.

Tena, mkiambiwa kwamba rehani si lazima kwa sababu kundi lenyewe ni dhamana, mfahamu maana yake: mmoja akikosa, wale wengine wanalipa kwa ajili yake. Msitie sahihi pamoja na mtu ambaye hamko tayari kumlipia.

Milango tuliyopita

Muuza vitambaa alikubali kutupa kitambaa kwa deni la miezi miwili. Hakusema neno riba hata kidogo. Lakini kitambaa cha dolari 400 kwa feza taslimu, kwa deni alikiandika 460. Zile 60 ndizo riba, zimevaa jina la bei. Kila mara mwulize mchuuzi bei zote mbili.

Koperative ilitaka malipo ya kwanza kisha mwezi mmoja. Kalenda yetu ilikataa. Labda mwaka ujao, tukiwa na karatasi zote za kampuni na daftari la mwaka mzima la kuonyesha, tutazungumza nao vizuri zaidi.

Ilibaki AVEC yetu. Mnajua sanduku lenye funguo tatu. Kwetu mama anaweza kukopa mpaka mara tatu ya akiba yake, kwa asilimia 5 kwa mwezi, muda wa miezi mitatu. Asilimia 5 si kidogo. Lakini riba hiyo inabaki sandukuni, na mwisho wa mwaka tunaigawanya kati yetu sisi wenyewe. Ubaya wake ni kwamba mwezi wa nane sanduku linakuwa tupu, maana kila mama anatafuta feza za masomo. Tulijulisha mapema, na tulikopa mwanzo wa mwezi wa saba.

Lakini mbele ya kukopa, tulifanya jambo moja lililosaidia kuliko yote: tulipunguza mkopo wenyewe. Tangu mwezi wa ine tuliandikisha wazazi. Kila mzazi analeta kidogo kidogo, franga za siku ya soko, mpaka anafikisha dolari 5. Wazazi 40 wamekwisha kufikisha. Hizo ni dolari 200 bila riba. Tunaziweka katika kisanduku chenye funguo mbili, na kila mzazi ana kikaratasi chake, maana feza hiyo nayo ni deni: tunadaiwa iniforme.

Ile shule ya mwaka jana tuliiomba ilipe nusu kwanza. Ilikataa, na tuliiacha. Iliuma, kwa maana ni iniforme 60. Ndiyo sababu mwaka huu tunashona 80 tu, na wazazi wenyewe ndio wanaolipa.

Tazameni hesabu. Vitambaa na vifungo vya iniforme 80: dolari 400. Wazazi wametoa 200. Tulikopa 200 katika AVEC, kwa majina ya wamama wawili, 100 kila mmoja, na wote sita tulitia sahihi katika daftari kwamba deni ni la sisi wote. Riba ya miezi mitatu: dolari 30. Makala na usafiri: 50. Tukiuza zote 80 kwa dolari 9, tutapata 720. Zitabaki 240, ndiyo kusema dolari 40 kwa kila mama. Iniforme zimepunguka, lakini kila mama atapata 40 pahali pa 7. Na kama iniforme 20 zitakosa mnunuzi, tutakosa dolari 180, lakini 60 zitabaki, na hakuna mama atakayefukuzwa katika nyumba yake.

Kwa hiyo, mdogo wetu uliyetuuliza, usihuzunike kwa sababu ya kadi. Siku biashara yako itakuwa na konti na wauzaji wanaopokea kadi, ipitishe katika maulizo haya matano kama mkopo mwingine wowote. Leo anza na kalenda: andika siku feza zinatoka na siku zinaingia. Pengine utaona kwamba unahitaji nusu tu ya mkopo uliofikiri.

Mama mwenye parsele yuko pamoja nasi bado. Juzi alikuja na bwana wake kusaidia kubeba vitambaa kutoka Kadutu. Karatasi ya parsele iko ndani ya sanduku lake, nyumbani.

Katika mkutano wa juma lijalo, yule anayefikiri kukopa kwa ajili ya kufungua masomo alete daftari na kalamu. Tutapiga hesabu pamoja, na hakuna atakayechekwa. Sisi tuliokosa hesabu mwaka jana tutakaa mbele.