Unaenda Malindi Desemba? Uliza upepo kwanza

Najua uko kwenye lile kundi la WhatsApp. Lilifunguliwa mwezi wa tatu, lina watu 14, na hadi leo waliolipa ni wawili. Kuna mmoja anatuma picha za bahari ya samawati kila Ijumaa. Kuna mwingine ameuliza mara sita ni pesa ngapi, na akijibiwa tu anapotea. Sikucheki, nimewahi kuishi ndani ya kundi kama hilo. Mnapanga pesa, mnapanga nguo, mnapanga nani atalala chumba kipi. Majira hakuna anayeyapanga, na Kilifi ni kaunti inayoendeshwa na majira.

Mimi nilienda Desemba ya mwaka ule niliacha chuo. Tulikuwa watano. Sehemu yangu niliilipa kwa mkopo wa simu, nikijiambia Januari itajijua. Tulifika usiku, tukakuta chumba tulicholipia mtandaoni kina familia nyingine ndani, wao pia wana risiti. Tukalala sebuleni kwa mtu. Kesho yake tukakimbilia ufuo wa Malindi mjini na simu mkononi, tukakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa. Manze, hata selfi hatukupiga. Mmoja wetu akasema tumetapeliwa mara mbili, na mwenye nyumba halafu na bahari. Siku ya tatu tukaenda Marafa saa saba mchana, jua likatupiga hadi mwenzetu akakaa chini akakataa kuinuka. Ule mkopo nilimaliza kuulipa mwezi wa nne.

Kwa zaidi ya mwaka nikawa nasema Malindi imepakwa sifa za bure. Nilikuwa sijui kitu.

Hebu tuanze na yale maji. Malindi iko karibu na mdomo wa mto Sabaki. Sabaki ni mto uleule unaoitwa Galana huko Tsavo, na juu zaidi unaitwa Athi. Mto Nairobi, ule unaoziba pua ukiupita, unaingia Athi. Mvua za vuli zikinyesha bara kati ya Oktoba na Desemba, mto unabeba udongo wa Ukambani pamoja na takataka zetu, unashuka nao hadi baharini. Na kuanzia Novemba hivi hadi Machi upepo unaovuma ni wa kaskazi, unaosukuma yale maji ya tope kuelekea kusini, yaani kwenye ghuba ya Malindi yenyewe. Kwa hivyo wewe mtoto wa Umoja unasafiri kilomita karibu 600 kwenda kulalamikia uchafu uliotoka nyumbani kwenu. Upepo wa kusi ukiingia, kati ya Aprili na Septemba, tope hilo husukumwa upande wa pili, kuelekea Mambrui na Ngomeni.

Hiyo haimaanishi Desemba haina bahari. Kaskazi ndio msimu wa maji matulivu, na ukishuka hadi Watamu, mbali na mdomo wa mto, unaweza kuona samaki chini ya matumbawe kama walio ndani ya chupa. Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, za kwanza Kenya, na aliyetaka kuzamia na kutazama matumbawe hakosei akienda kati ya Desemba na Machi. Wakati huo pia Mida Creek imejaa ndege waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Kosa letu halikuwa kwenda Desemba. Kosa lilikuwa kutaka vitu vya misimu minne kwa siku tano, halafu kukasirika.

Kuna mtu mashuhuri aliyefanya kosa hilo kabla yetu, na lake lilikuwa kubwa zaidi. Ile nguzo ya Vasco da Gama unayoiona kwenye picha za kila mtu pale Malindi ina hadithi ambayo wapiga picha hawaisemi. Mreno huyo alifika Malindi Aprili 1498, akapewa mwelekezi aliyezijua bahari na pepo, na wakaondoka mwezi uohuo kusi ikianza. Walivuka hadi India kwa chini ya mwezi mmoja. Kurudi hakumsikiliza mtu. Aling'oa nanga kabla kaskazi haijatulia, akakaa bahari kuu karibu miezi mitatu, mabaharia wake wakafa kwa kiseyeye mmoja baada ya mwingine, hadi akaiona Malindi tena Januari 1499. Bahari ni ileile na meli ni zilezile. Kilichobadilika ni mwezi.

Sasa tuseme umepata nafasi Julai au Agosti. Watu watakuambia huo si msimu, bahari imechafuka, kuna baridi. Baridi gani? Ni baridi ya mtu wa Kilifi, wewe wa Nairobi utavaa fulana. Ni kweli nje ya miamba kuna mawimbi na wavuvi wenye vyombo vidogo hawaendi mbali, kwa hivyo samaki anapanda bei. Lakini huo ndio wakati nyangumi wa nundu wanapita pwani hii wakitoka bahari za baridi za kusini, kati ya Julai na Septemba, na Watamu kuna mashua za kwenda kuwatazama. Nyangumi, msee. Wanapita hapa Kenya na sisi tuko Nairobi tunangoja Desemba.

Na jua likipungua makali ndipo nchi kavu inatembelewa. Marafa, ambako Wagiriama wanaita Nyari, ni korongo la udongo mwekundu, mweupe na wa rangi ya chungwa lililochongwa na mvua na upepo, karibu saa nzima kwa gari kutoka Malindi. Watu wa hapo husimulia habari za familia tajiri iliyooga maziwa ilhali majirani wana njaa, Mungu akaididimiza nyumba yao. Nenda alfajiri au jioni saa kumi na moja, na umlipe kijana wa pale akuongoze. Mchana waachie mijusi.

Halafu kuna Arabuko-Sokoke, ambao nina hakika hauko kwenye mpango wenu. Ni msitu wa kilomita mraba 420 hivi, kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Ndani yake kuna bundi mdogo wa kutoshea kiganjani na sengi mwenye matako ya rangi ya dhahabu, mnyama wa ukubwa wa sungura mwenye pua kama mkonga. Nilimwona mara moja, kwa sekunde mbili. Kando ya msitu, pale Gede, kuna mradi wa Kipepeo ulioanza 1993, ambapo wanavijiji hufuga vipepeo na kuuza pupa wao nje ya nchi, hivyo kuuacha msitu umesimama kunawalipa kuliko kuukata. Vipepeo hupenda baada ya mvua. Hatua chache kutoka hapo ni magofu ya Gede, mji wa mawe wa Waswahili ulioachwa karne ya 17, na sababu mojawapo inayotajwa ni visima kukauka. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia Julai 2024. Siku niliyoenda mimi, mwezi wa nane, tulikuwa wageni watatu na tumbili wengi. Nilikaa kwenye ukuta wa jumba la mfalme karibu saa nzima bila kusikia spika ya mtu.

Mei nisikudanganye. Masika yakishika, njia za udongo ni matope, hoteli kadhaa hufunga na wafanyakazi hurudishwa nyumbani hadi msimu urudi. Hata vuli inaweza kukuadhibu: Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara ya Kilifi kwenda Malindi pale Mbogolo, magari yakakwama. Angalia utabiri kabla ya kulipa nauli.

Hapo kwenye kufunga ndipo penye neno langu hasa. Safari yangu ya pili, ya Agosti, nilipanga chumba kwa mama mmoja mjini Kilifi, nyuma ya nyumba yake, kwa bei ambayo Desemba isingenipatia hata godoro. Jioni alikuwa akikaanga viazi karai mlangoni, na siku moja nikamuuliza, "Mama, wageni ni wangapi wakati huu?" Akacheka. "Mwanangu, nyinyi watu wa bara mwaja kama kumbikumbi. Usiku mmoja mu tele, asubuhi ni mbawa tu. Desemba nalala sebuleni na wajukuu ili vyumba vyote mupate nyinyi. Mwezi wa sita chumba hichi chakaa na panya. Na karo ya shule haingoji Desemba." Nikamnunulia viazi zaidi ya nilivyoweza kula, si kwamba ilisaidia kitu.

Lakini nilifikiria. Tunajisifu kwamba tunainua utalii wa ndani. Tukienda sote wiki ileile, tunapandisha nauli, tunapandisha bei ya chumba, tunagombania mashua, halafu miezi kumi mwendeshaji wa ile mashua anatafuta kibarua cha kubeba mawe. Waitaliano wamekuwa wakija Malindi tangu enzi za kituo cha anga cha San Marco kule Ngomeni, miaka ya sitini, na hadi leo utasikia kijana wa ufuoni akiongea Kiitaliano kuliko Kiingereza. Wao wanakuja wakikimbia baridi yao na kwenye likizo yao ya Agosti. Kwao kuna sababu. Sisi tunaiga kalenda ya nani?

Utaniambia bosi hakupi ruhusa isipokuwa Desemba. Sawa, mwenye bosi nenda Desemba, ila shuka Watamu. Maneno haya nayasema kwa sisi wengine: mwenye kibanda cha simu, anayeosha magari, anayeandika vitu mtandaoni kama mimi, aliyemaliza chuo na anangoja kuitwa, aliyekiacha. Hatuna likizo kwa sababu hatuna kazi ya kupewa likizo. Jumanne ya Agosti ni yetu kabisa. Ni ujinga wa kipekee kukosa mshahara halafu kushika ratiba ya wenye mishahara, na kukopa juu yake.

Kwa hivyo kabla ya kutuma ile pesa, uliza kwanza unataka kuona nini, halafu mwezi ufuate. Ukishajua mwezi, angalia mwandamo. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hukupwa kabisa mwendo wa saa nne asubuhi, unaweza kutembea juu ya mchanga mbali sana ndani ya bahari pale Watamu, lakini kuogelea sahau hadi alasiri. Wiki moja baadaye ni kinyume. Mtumbwi wa Mida unataka maji yakiwa yamejaa, na kijana wa mtumbwi atakuambia saa ukimpigia simu jana yake. Viingilio vya hifadhi za KWS hulipwa kwa eCitizen, usibebe noti ukadhani utamwekea askari mkononi. Treni ya Nairobi hadi Mombasa daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Kutoka Mombasa hadi Kilifi ni kama kilomita 60 kwa matatu, na mbele hadi Malindi ni karibu nyingine kama hizo. Matatu ya Mombasa haitoki hadi ijae, kwa hivyo nunua mahamri kabisa.

Na chumba usikilipe chote kabla hujapiga simu ukaongea na mtu anayepumua, ukamsikia jogoo wake nyuma.

Mimi narudi kati ya Agosti na Septemba, nyangumi wakiwa bado wanapita. Kundi letu sasa lina watu watatu na wote wamelipa. Yule mama ameniambia chumba kipo, panya ameshughulikiwa, ila nije na dawa ya mbu na nimletee majani ya chai ya kutoka Kericho, kwa sababu ya dukani kwao, anasema, haina rangi.