Umeshachangiwa, lakini moyo ni wako

Ukiniuliza kama ukimbie marathoni yako ya kwanza ili kuchangia wagonjwa, jibu langu ni ndiyo. Ukiniuliza kama uikimbie mwaka huu, nitataka kwanza kujua imebaki miezi mingapi, presha yako ni ngapi, na umewaahidi nini watu waliokuchangia.

Mbio za hisani zimekuwa sehemu ya maisha yetu. CRDB Bank Marathon ya Dar es Salaam ilianza 2020 kwa lengo la kusaidia watoto wanaohitaji upasuaji wa moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Hapa kwetu, NBC Dodoma Marathon, ambayo miaka ya karibuni hufanyika Julai kutokea Uwanja wa Jamhuri, imekuwa ikichangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road, na baadaye ikaongeza ufadhili wa masomo ya wakunga. Ni mambo mazuri. Mimi nimeona akina mama wakija na saratani hiyo ikiwa imeshasambaa, na sitabishana na mtu yeyote anayetaka kutoa jasho kwa ajili yao.

Ninachobishana nacho ni namna tunavyofikia uamuzi. Mtu anaona kwenye kundi la WhatsApp la kazini kwamba wenzake wamejiandikisha. Kuna kilomita 5, kuna 10, kuna 21, kuna 42. Anachagua 42, kwa sababu ukiomba mchango kwa kilomita 5 unaonekana huna uzito. Siku hiyohiyo anatuma ujumbe kwa ndugu na marafiki: "Nitakimbia kilomita 42 kwa ajili ya mama zetu." Fedha zinaanza kuingia. Kuanzia hapo yuko kama mwenye kamati ya harusi: kadi zimeshagawiwa na michango imeshaliwa, hata bibi harusi akiugua, ndoa lazima ifungwe.

Mgonjwa wangu mmoja, fundi wa magari wa huku Kizota mwenye miaka 51, alikuja kwa ajili ya goti. Nilipompima presha nikapata 178 kwa 104. Hakuwahi kujua. Nilipomwambia asikimbie kwanza, hakuniuliza kuhusu kiharusi wala figo. Alisema, "Daktari, nimeshachangiwa." Alikuwa amebakiza wiki tatu.

Ndugu msomaji, hilo neno "nimeshachangiwa" ndilo ninaloliogopa kuliko kilima chochote cha Dodoma. Linamfanya mtu mwenye akili timamu akimbie akiwa na homa, akiwa ametoka tu kumaliza dawa za malaria, au akiwa na maumivu ya kifua aliyoyaficha hata kwa mke wake. Tena hesabu yake si sahihi. Fedha ikishafika kwa wahusika imefika. Hairudi kwa sababu wewe umeishia kilomita ya 15 au umebaki nyumbani. Mtoto anayesubiri upasuaji hatakosa kitanda kwa sababu ya goti lako.

Kwa hiyo tenganisha mchango na miguu yako tangu siku ya kwanza. Mimi nina miaka 44, sijawahi kukimbia marathoni, na Januari niliamua kwamba ya kwanza itakuwa ya Julai. Ujumbe niliotuma kwa ndugu na wafanyakazi wenzangu unasema hivi: "Ninaomba mchango kwa ajili ya akina mama wenye saratani. Nimepanga kukimbia 42. Nikiugua au nikishindwa njiani, mchango wenu unabaki palepale." Kaka yangu alicheka, akasema najitafutia njia ya kutokea. Ndiyo. Kila mkimbiaji anahitaji njia ya kutokea.

Sasa kuhusu kilomita zenyewe. Mtu anayekimbia 10 bila shida hudhani 42 ni 10 mara nne na ushei. Haiko hivyo. Sukari ambayo mwili umeihifadhi kwenye misuli na ini kwa watu wengi huelekea kwisha karibu na kilomita ya 30, na kuanzia hapo unakimbia na mwili tofauti. Kuna jambo jingine ambalo watu hawalijui: moyo na mapafu huzoea mazoezi ndani ya wiki chache, lakini mishipa inayoshika misuli na mifupa huchukua miezi. Ndiyo maana mtu anajisikia ana pumzi za kutosha katika wiki ya nane, anaongeza kasi na umbali kwa pamoja, na wiki ya kumi anakuja kwangu akichechemea. Kama hukuwa ukikimbia kabisa, mwezi mmoja au miwili haitoshi kwa 42. Miezi mitano au sita ndiyo ninayoiona ya haki, ukiongeza umbali kidogo kidogo na kupumzika siku mbili kwa wiki. Kama umebakiza wiki sita, jiandikishe 10 na uwaombe mchango uleule. Asiyekuchangia kwa sababu umepunguza kilomita hakuwa anamchangia mgonjwa.

Tunapenda kumtaja John Stephen Akhwari, aliyeumia vibaya mguu kwenye Olimpiki ya Mexico 1968 na bado akamaliza mbio, wa mwisho, jua likiwa limeshazama. Ni heshima ya nchi hii. Lakini alikuwa mwanariadha aliyeandaliwa kwa miaka. Alphonce Simbu naye, kijana wa jirani zetu Singida, alipata shaba ya dunia London 2017 na ilimchukua hadi 2025 kupata dhahabu kule Tokyo. Wewe umefanya mazoezi mara tatu na shemeji yako jioni.

Kabla hujaanza, nenda kituo cha afya upimwe presha na sukari. Ukiwa na zaidi ya miaka 40, au una kisukari, presha, uzito mkubwa, au unavuta sigara, zungumza na daktari kuhusu kupimwa umeme wa moyo. Bila kujali umri, kuna mambo matatu ambayo usiyapuuze: maumivu au kubanwa kifua unapojikaza, kuzimia katikati ya mazoezi, na ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana. Sitaki kukutisha. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliofuatilia wakimbiaji milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni kati ya 2000 na 2010 ulipata watu 59 waliosimama moyo. Ni wachache mno. Ila kati ya hao 59, 42 walifariki, na wengi wao walikuwa na tatizo la moyo ambalo halijawahi kugunduliwa.

Wenye vinasaba vya selimundu, yaani wale wenye kinasaba kimoja na hawaumwi, wanaweza kukimbia, lakini waanze taratibu, wanywe maji, na wasijilazimishe kwenye joto. Mwenye selimundu yenyewe asiguse mbio ndefu bila daktari wake. Wenye pumu wabebe dawa ya kuvuta mfukoni. Upepo na vumbi la Dodoma la miezi ya kiangazi havina mzaha. Anayetumia dawa za kisukari ajifunze kwanza sukari yake inashuka lini anapokimbia, na awe na kitu kitamu mkononi. Anayeishi na VVU, anameza dawa zake vizuri na yuko na nguvu, akimbie kama wengine.

Maji nayo yana hadithi. Tumeambiwa tangu shule kwamba maji ni uhai, basi mkimbiaji wa kwanza anakunywa kila kituo anachokutana nacho. Anayemaliza kwa saa mbili na nusu hana muda wa kunywa sana. Hatari iko kwako wewe na mimi tutakaotumia saa tano au sita. Ukinywa kuliko unavyotoa jasho, chumvi ya damu hushuka, ubongo huvimba, mtu huchanganyikiwa, hutapika, hata kudondoka kwa degedege. Kwenye Boston Marathon ya 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya mbio, na asilimia 13 chumvi yao ilikuwa imeshuka kupita kiwango. Kunywa ukiwa na kiu. Ukimaliza mbio una uzito zaidi ya ulioanza nao, ulikunywa kupita kiasi. Na ukimwona mwenzako amechanganyikiwa mwishoni mwa mbio, usimlazimishe maji chupa nzima. Mpeleke kwa wahudumu.

Dawa za maumivu ndiyo kero yangu kubwa. Watu wanameza diklofenaki au ibuprofeni alfajiri kabla ya kuanza, "ili goti lisisumbue". Figo yako siku hiyo tayari inapata damu kidogo kwa sababu misuli imeichukua, na umepungukiwa maji. Dawa hizo huibana zaidi. Goti linalohitaji dawa ili likimbie limeshakupa jibu.

Kuhusu wapi pa kufanyia mazoezi, kwa wakazi wenzangu wa Kizota: barabara ya Singida si uwanja. Malori hayo yanatoka mbali na dereva hakuoni saa kumi na moja alfajiri ukiwa umevaa fulana nyeusi. Kimbia ukiwa unayaona magari yanayokuja, vaa rangi inayong'aa, na acha spika za masikioni nyumbani. Klabu za jogging zina faida kwa hilo, hasa kwa wanawake, ingawa mwendo wao wa nyimbo si lazima uwe mwendo wako.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Fulana ya mbio ina ujumbe wa kupambana na saratani ya mlango wa kizazi. Dada uliyeivaa, wewe umepimwa lini? Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake nchini. Kipimo cha kawaida ni cha dakika chache: mhudumu anapaka siki iliyopimwa kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama kuna sehemu inayobadilika kuwa nyeupe. Ikionekana dalili ya awali, mara nyingi hutibiwa palepale kabla haijawa saratani. Kwa mwanamke wa miaka 30 hadi 50 hurudiwa kila baada ya miaka mitatu hivi, na wanaoishi na VVU huanza mapema na kurudi mara nyingi zaidi kama kliniki yao itakavyowapangia. Nimewauliza wanawake kadhaa waliojiandikisha pamoja nami, wasomi, wenye kazi nzuri. Wengi hawajawahi. Wako tayari kwa kilomita 42 na hawajafika chumba cha tatu kulia pale kituo cha afya.

Na wazazi: chanjo ya HPV hutolewa bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2024 ni dozi moja tu. Kama binti yako alikosa siku wahudumu walipokwenda shuleni, mpeleke kituo cha afya, hahitaji kusubiri kampeni. Wengi wenu mmeniuliza pia kama watoto wanaweza kukimbia siku hiyo. Kilomita 5 na mzazi pembeni, ndiyo, akiwa amekula na hana homa, na akichoka mtembee. Kumi namba ya nguo ukimvisha mtoto wa darasa la tano, mimi nitakuwa upande wa mtoto.